Gari linalowaka likipenda: ya kuangalia kabla ya kushika njia ya Mokowe

Gari lililokufa kabisa halimsumbui fundi. Analifungua, anaona kilichokatika, anakirekebisha. Tabu ni hili linalogoma asubuhi watoto wamechelewa shule, ukaita tuktuk, ukirudi unagusa ufunguo linanguruma kama halikuwa na neno. Ukilipeleka gereji linawaka kila likijaribiwa. Fundi hana la kuona, na kwa kuwa hataki uondoke hivihivi, anakushauri ununue betri. Mara nyingi betri haikuwa na kosa.

Kwa hivyo kazi kubwa ni yako mwenyewe, na ni ya kufanywa kabla ya safari. Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na ukikwama Gede, Matsangoni au Kilifi hukosi mtu wa kufunua boneti. Njia ya kaskazini ni habari nyingine. Ukishavuka daraja la Sabaki ukaziacha Gongoni na Marereni na mashamba yao ya chumvi, maduka ya spea yanaadimika, na kile kipande cha Garsen, Witu hadi Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, kila dereva hutaka akimalize jua lingali juu.

Anza kwa kusikiliza stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake. Fundi akikuuliza, "Mzee, stata inazunguka au haizunguki?" nawe ukajibu, "Basi tu, haliwaki," umemfunga macho. Likigoma, kabla hujaanza kulibembeleza, toa simu urekodi sauti na taa za dashibodi huku ukizungusha ufunguo. Kisha andika: lilikuwa la moto au baridi, lilizimwa kwa muda gani, mvua ilinyesha au la, geji ya mafuta ilisoma wapi. Maandishi ya namna hiyo, hata ya siku chache tu, yana faida kuliko kubahatisha spea.

Ukisikia tik-tik-tik ya haraka na taa zinafifia, umeme haumfikii stata wa kutosha. Tazama betri na viungo vyake. Ukisikia "tak" moja nzito, taa zikabaki zinang'aa, basi amri imefika lakini stata haikuzunguka. Magari mengi ya Kijapani yaliyotembea sana huwa hivyo kwa sababu vipande vya shaba ndani ya stata, vinavyogusana kupitisha umeme mkubwa, vimelika upande mmoja. Leo vinagusana, kesho havigusani. Fundi stata anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake, bila wewe kununua stata nzima, na uliza hilo mapema kabla hujatajiwa bei ya stata.

Kukiwa kimya kabisa, mimi huwa sigusi stata kwanza. Natazama mambo ya njiani: swichi ya ufunguo, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), na kwa gari la otomatiki ile swichi inayohakikisha gia iko P au N. Hamisha gia kutoka P uweke N, huku umekanyaga breki, ujaribu tena. Likiwaka kwenye N mara kwa mara na kwenye P likakataa, umeshamkamata mwizi. Halafu kuna alamu. Magari mengi yetu yamefungwa alamu au kifaa cha kufuatilia gari baada ya kununuliwa, na aliyefunga alikata waya wa stata au wa pampu ya mafuta, akaupitisha kwenye rilei yake, akausokota kwa mkono na kuuzungushia mkanda mweusi chini ya usukani. Miaka ikipita na joto letu hili, mkanda unalegea na waya unashika ukitaka. Mwambie fundi aanzie hapo.

Na hapa Malindi lazima tuiseme chumvi. Gari linalolala karibu na bahari linapigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima, kaskazi na kusi, na chumvi haili bodi peke yake. Fungua boneti utazame vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani ni kizuizi cha umeme. Vua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Osha kwa maji ya moto na brashi ya zamani, kausha, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho, kaza, upake grisi juu. Kibano cha waya kikiweza kuzungushwa kwa mkono baada ya kukaza, hakijakaza.

Wengi huishia hapo. Fuata ule waya wa hasi mpaka mwisho wake, pale unapofungwa kwenye bodi na kwenye injini. Juu boliti inaweza kuonekana safi, ukiifungua chini yake kuna kutu nyekundu kama ya nanga. Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha: weka multimita kwenye volti, waya mmoja juu ya kichwa cha hasi cha betri chenyewe, wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani na betri mpya haitakusaidia lolote.

Betri yenyewe pimwa asubuhi kabla ya kuwasha chochote. Volti 12.6 imejaa, 12.4 imebakiwa na robo tatu hivi, ikishuka 12.0 iko karibu na mwisho. Wakati wa kupiga stata isianguke chini ya 9.6. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.7, pungufu ya hapo, tafuta kwenye altaneta, inayochaji betri, au mkanda wake, ingawa baadhi ya magari mapya hupandisha na kushusha chaji kwa makusudi. Watu hudhani betri huuawa na baridi, lakini joto ndilo linaloizeesha.

Kuna lile ambalo stata inazunguka vizuri ila moto haushiki. Weka ufunguo kwenye ON bila kupiga stata, usikilize upande wa kiti cha nyuma: gari nyingi za petroli hutoa mvumo wa pampu kwa sekunde mbili hivi. Uzoee mvumo huo siku gari ni zima, ili siku ukikosekana ujue. Kama mvumo upo na gari hugoma tu likiwa la moto, mfano umetoka Watamu mchana, ukazima kununua samaki, likakataa mpaka lipoe, mtajie fundi sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa injini. Hiyo ikichoka huacha kusoma ikipata joto, ikipoa hurudi kazini. Taa yenye alama ya ufunguo kwenye dashibodi ikimweka isivyo kawaida, jaribu ufunguo wa akiba kabla ya kufungua kitu chochote.

Mokowe ina shida yake. Gari linabaki bara, wewe unapanda boti kwenda Amu (Lamu), na kama ni harusi au Maulidi hutarudi kesho yake. Siku zote hizo alamu inanyonya betri taratibu. Gari zima lililolala halipaswi kula zaidi ya miliampea 50 hivi. Lililofungwa vifaa ovyo hula zaidi sana. Vua waya wa hasi kabla ya kuondoka. Kwa magari mengi ya Kijapani spana namba 10 inatosha. Ila kumbuka loki za umeme zitakuwa zimekufa, kwa hivyo ufunguo wa chuma uwe mkononi, si ndani ya gari.

Kwenye buti weka nyaya nene za kuazimia moto, zile nyembamba za bei rahisi hupata joto tu bila kuwasha gari. Chanya kwa chanya, hasi ya gari zima kwenye chuma cha injini yako, mbali na betri. Weka fyuzi na rilei ya akiba. Kwenye magari mengi rilei ya honi hufanana na ya stata, lakini ihakikishe ukiwa nyumbani. Jua stata yako iko wapi: kuigonga kidogo kwa mpini wa spana wakati mwenzako anazungusha ufunguo huamsha zile shaba zilizolika, gari likiwa kwenye P au N na breki ya mkono imevutwa. La manyuo, la gia za mkono, husukumwa. La otomatiki usiwachoshe vijana wa watu.

Wiki moja kabla ya safari, nenda Mambrui mchana, zima injini ikiwa ya moto, ungoje dakika 20, kisha uwashe. Rudia tena na tena. Likigoma hapo, rekodi, na kabla hujarudi mjini mpigie fundi umweleze kile stata ilichofanya.