Somo: Kupanga safari ya begi mgongoni nje ya nchi pamoja na rafiki, kuanzia Moshi

Ndugu wanachama, baadhi yenu mmeniomba nieleze namna mimi na mwenzangu tulivyozunguka Kenya, Uganda na Rwanda kwa siku 15 tukiwa na mabegi mgongoni, tukitoka kwa mpaka wa Holili, wa kuingia Kenya, na kurejea kwa mpaka wa Rusumo, wa kutoka Rwanda. Nitazungumzia zaidi miezi saba iliyotangulia safari kuliko safari yenyewe, kwa sababu karibu kila jambo lililotukwaza njiani tulilibeba kutoka hapa hapa nyumbani. Mwenzangu anaishi Soweto ya hapa Moshi na mimi ninaishi Rau. Tumejuana tangu kidato cha kwanza, na nilidhani kujuana huko kunatosha.

HATUA YA KWANZA: Kaeni chini kabla ya kufungua ramani

Anzeni na pesa, tena kwa tarakimu. Kila mmoja aandike kwenye karatasi kiasi anachoweza kukiweka bila kukopa, kisha mfunue karatasi zote mbili kwa pamoja, na kiasi kidogo ndicho kiwe bajeti ya wote wawili. Yule mwenye uwezo zaidi asijitolee kumfidia mwenzake, kwa kuwa hisani ya namna hiyo huwa tamu hapa Moshi na huanza kuwa chungu mkifika Nairobi. Sisi tulisimama kwenye shilingi 600,000 kila mmoja, mbali na gharama ya pasipoti, yaani shilingi 20,000 kila Jumapili kwa wiki 30.

Fundi seremala wa Majengo alituchongea vibubu viwili vya mbao, akavipigilia misumari pande zote, na kila mmoja wetu akakaa na kibubu cha mwenzake. Wazo hilo lilitoka kwa mama yake mwenzangu, ambaye amecheza upatu miaka mingi na anajua kwamba pesa iliyo karibu na mkono wa mwenyewe haina maisha marefu. Kila Jumapili baada ya ibada tulikutana, kila mmoja akatumbukiza noti zake kwenye tundu la kibubu kilichoko kwa mwenzake, tukaandika tarehe kwenye kaunta buku, kisha tukabaki tukibishana kuhusu Kampala kana kwamba tumewahi kufika. Nakiri kwamba Jumapili zile nilizipenda kuliko baadhi ya siku za safari yenyewe.

Baada ya pesa, zungumzieni tabia. Nani huamka mapema, nani hawezi kulala taa ikiwaka, nani hula chochote kilichopikwa kando ya barabara na nani lazima aketi mezani? Mambo haya yakiulizwa sebuleni hujibiwa kwa adabu tu, kwa hiyo nawashauri mfanye safari ya majaribio ya siku mbili. Sisi tulikwenda Lushoto kwa basi hadi Mombo, tukiwa na mabegi yale yale tuliyokusudia kuyabeba. Huko niligundua kwamba mwenzangu hasemi neno lolote la maana kabla ya kunywa chai, naye akagundua kwamba mimi huamka mara tatu usiku kuhakiki kitasa cha mlango.

Mwisho, wekeni haki ya kuachana kwa nusu siku katika kila nchi bila mtu kununa. Sisi ilitufaa Kigali. Mimi nilitaka kuingia katika jumba la kumbukumbu ya mauaji ya kimbari la Gisozi, ambako wamezikwa watu zaidi ya 250,000 waliouawa mwaka 1994, na mwenzangu alikuwa amesema tangu Moshi kwamba moyo wake hautaweza. Asubuhi hiyo yeye alikwenda soko la Kimironko kutafuta vitenge, mimi nikaenda Gisozi peke yangu, na tulipokutana mchana hakuniuliza kitu mpaka nilipoanza kuzungumza mwenyewe.

HATUA YA PILI: Nyaraka, na majina yaliyomo ndani yake

Ombeni pasipoti angalau miezi mitatu kabla. Maombi huanzia kwenye mtandao wa Idara ya Uhamiaji, ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, na hudumu miaka 10. Kabla ya kulipa, wekeni mezani kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa mkasome jina herufi kwa herufi. Cheti cha mwenzangu kilikuwa na herufi moja isiyokuwapo kwenye kitambulisho, na kuirekebisha kulituchukua wiki tano na safari nyingi za daladala. Raia wa Tanzania hahitaji viza kuingia Kenya, Uganda wala Rwanda. Hugongewa muhuri mpakani bila malipo, lakini soma siku ulizoandikiwa kabla hujaondoka dirishani.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe mapema, kwa sababu cheti huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani na kukitunza hana haja ya kurudia. Wapo watakaokuuzia kadi ya njano, yaani cheti hicho, bila kukuchoma sindano, wakwepeni. Kadi hiyo inaweza pia kudaiwa mnaporudi nyumbani, kwa kuwa Kenya na Uganda zimo katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

HATUA YA TATU: Njia

Kutoka Moshi, Holili ni mwendo usiozidi saa moja. Kituo ni cha pamoja, maana yake ni kwamba anayetoka hukamilisha mambo yote upande wa nchi anayoingia, ambao kwa safari hii ni Taveta. Hapo pana madirisha mawili: la kwanza linakutoa Tanzania na la pili linakuingiza Kenya. Katika mpaka mmoja wa safari yetu mwenzangu alipigwa muhuri wa kwanza, akaridhika, akatoka nje kununua maji. Tulikuwa tumeshakaa kwenye gari nilipofungua pasipoti yake na kukuta ukurasa una muhuri mmoja tu. Tulirudi mbio, dereva akilalamika nyuma yetu.

Kutoka Taveta, magari ya Voi hupita katikati ya nyika ya Tsavo kwa mwendo wa saa mbili hivi, na Voi kuna kituo cha treni ya Mombasa na Nairobi iliyoanza mwaka 2017. Kateni tiketi siku kadhaa kabla na muhakikishe treni mliyochagua husimama Voi. Treni huishia Syokimau, nje kidogo ya katikati ya jiji, kwa hiyo tengeni nauli ya kuingia mjini. Kutoka Nairobi, mabasi mengi ya Kampala husafiri usiku. Sisi tulishuka Jinja ili tuuone mto Nile unapotoka Ziwa Victoria, tukalala siku mbili, kisha tukaendelea Kampala, Kabale kwenye ziwa Bunyonyi, na Kigali.

Mambo mawili kuhusu Rwanda yapangwe kabla. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, jambo linalowapa muda wa ziada mnapoingia na kuwanyang'anya mnapotoka. Aidha, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya Umuganda, ambapo wananchi hufanya kazi za jamii asubuhi, na hadi saa tano maduka mengi hufungwa na magari hupungua sana. Usipange kusafiri asubuhi hiyo.

Kurudi kupitia Rusumo, Kahama na Singida ni kurefu na kunachosha. Tengeni siku mbili.

HATUA YA NNE: Begi

Lisizidi kilo 9. Mpagazi wa Kilimanjaro huruhusiwa kubeba hadi kilo 20, lakini wewe si mpagazi. Begi zuri linapatikana kwenye mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi kwa bei ya kuelewana: lijaze nguo za muuzaji, lifunge, livute zipu mara kumi, kisha livae na utembee hatua 50. Mkanda wa kiunoni ukiwa umekatika, liache, hata kama rangi imekupendeza. Toeni mifuko yote ya plastiki mliyofungia viatu na sabuni. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Usa River: Sisi tulio upande wa Arusha kuna haja ya kuja hadi Holili?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Piteni Namanga, takribani kilomita 110 kutoka Arusha mjini, ambako kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Mtaikosa treni, lakini mtafika Nairobi siku hiyo hiyo bila kuhangaika. Habari ya madirisha mawili inawahusu hata ninyi.

Mwanachama wa Pasua: Dada, baba hataki hata kusikia. Anasema wasichana wawili hawawezi kwenda kulala kusikojulikana.
Jibu: Mdogo wangu, usibishane na neno "kusikojulikana", liondoe. Nilimwandikia baba yangu ratiba ya siku 15, yenye jina la mji na la nyumba ya kulala wageni kwa kila usiku, akaining'iniza kwenye kalenda ya ukutani. Tuliahidi ujumbe kila saa mbili usiku kwa saa za Moshi. Siku tuliyochelewa kwa dakika 40 ndiyo siku niliyojua kwamba alikuwa akiketi na simu mkononi.

Mwanachama wa Njiro: Vijana wanaobadilisha pesa mpakani wanaaminika?
Jibu: Wapo waaminifu, lakini anayekukimbilia garini akitaja bei nzuri kupita kiasi anategemea haraka yako. Piga hesabu yako kwenye simu kabla hujashuka, badilisha kidogo tu cha nauli na chakula, na ukishahesabu noti usimrudishie "azihesabu tena".

Mwanachama wa Kiboriloni: Kiswahili kitatufikisha?
Jibu: Kenya hamtapata shida, ingawa wataicheka lafudhi yenu. Kampala si kila mtu atakuelewa, hivyo Kiingereza kidogo kinahitajika. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kigali tuliwakuta wengi wanaokizungumza, hasa sokoni.

Mwanachama wa Shanty Town: Mfuko wa pamoja mliuendeshaje, na kilichobaki mligawana vipi?
Jibu: Tulipoingia kila nchi, kila mmoja alitoa kiasi sawa kikawekwa kwenye pochi moja, ambayo tulipokezana kuishika kila baada ya siku mbili. Nauli, malazi na milo ya pamoja vililipwa humo. Soda, vitenge na zawadi vilitoka mfukoni mwa mhusika. Tulipovuka Rusumo tulibadilisha faranga zote zilizosalia, na zilipofika Singida zilitosha kuku mmoja wa kienyeji, aliyebanikwa, kwenye stendi. Tulimla tukiwa tumesimama, mabegi mgongoni, na mwenzangu alichukua mapaja yote mawili kwa madai kwamba ndiye aliyekuwa zamu ya pochi.