Jinsi ya kuonja IPA na kuipa alama bila kuandika "kali"

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikaa mezani jikoni kwangu hapa Portland, Oregon, Marekani, akiwa na makopo sita ya IPA, aina ya bia chungu, na karatasi tupu. Ameombwa akae na majaji kwenye mashindano ya bia za kupikwa nyumbani, na hajawahi kuipa bia alama maishani mwake. Kopo la kwanza akaliandikia neno moja: "Kali."

Nikamuuliza, kali kama nini? Kama pilipili, kama siki, kama gongo, au chungu kama mwarobaini? Akacheka. "Mjomba, ni kali tu."

Tulikaa mpaka saa tano usiku. Haya ndiyo niliyomwonyesha, kwa mpangilio tulioufuata.

1. Vyombo

Usinywe kahawa saa moja kabla, usijipake manukato, na mafuta ya midomo yafute kwa sababu yanaua povu. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana, isuuzwe mpaka harufu ya sabuni iishe. Kikombe kilichogandishwa kwenye friza ni cha kutulizia kiu. Bia ikiwa ya baridi kali hainuki, na usichokinusa huwezi kukihukumu. Mimi naionja ikiwa nyuzi 7 hadi 10; ukiitoa kwenye friji iache mezani dakika kumi hivi.

Maji ya kawaida, mkate mweupe usio na siagi. Na penseli ya plastiki ile ya kubonyeza, yenye kifutio. Penseli ya mbao inanukia mbao, nawe unaishika karibu na pua jioni nzima. Watu hunicheka kwa hili. Wacha wacheke.

2. Nusa kwanza

Mimina kidogo tu, kama vijiko vitano vya chakula, funika glasi kwa kiganja, tikisa, fungua, nusa mara mbili tatu fupi fupi. Usivute pumzi ndefu kama unayejifukiza. Andika hapo hapo, maana harufu nyepesi za hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, hukimbia upesi. Kwenye karatasi ya BJCP, mpango wa majaji wa bia ulioanza Marekani mwaka 1985, harufu ina alama 12 kati ya 50.

Usiandike "matunda". Tunda gani? Embe dodo lililoiva au embe bichi la achari? Pera? Pesheni? IPA ya Kimarekani ilikulia kwenye hopsi ya Cascade, iliyotolewa mwaka 1972 kutoka Corvallis, kusini kidogo ya hapa nilipo, na harufu yake ni balungi, hasa ganda ukilikwaruza kwa kucha. Hopsi za Citra na Mosaic zilikuja baadaye na maembe na mapera yao. Majaji wa huku huandika "utomvu wa msonobari". Mimi niliyekulia Mombasa naandika ubani, na hakuna mpishi aliyewahi kunirudia akisema hakunielewa. Mosaic ikizidi, au ikivunwa kwa kuchelewa, inaweza kutoa kitunguu saumu. Liandike pia, si tusi.

3. Tofi au hewa?

Hapa ndipo nilipoaibika, kwa hiyo nivumilie.

Miaka kadhaa iliyopita niliipa IPA moja 41. Niliandika: asali, tofi, zabibu kavu, utamu wa kupendeza. Jaji mwenzangu aliipa 24. Tofauti ya alama 17, wakati majaji wa meza moja hutakiwa wasipishane zaidi ya 7 au hivi. Tulibishana karibu nusu saa, meza nzima ikitusubiri, mimi nikishikilia kwamba huo ni utamu wa kimea cha karameli, ile nafaka iliyooteshwa na kukaangwa mpaka ikawa na ladha ya tofi. Mwishowe akaniuliza swali moja: "Hopsi ziko wapi?" Nikanusa tena. Hazikuwepo. Bia ilikuwa imepigwa na hewa, na nilichokuwa nakisifu kilikuwa kuzeeka kwake.

Basi swali ndilo hilo. Kimea cha karameli hukaa *pamoja* na hopsi: unapata tofi, na juu yake balungi bado mbichi. Hewa huleta utamu *mahali pa* hopsi. Inaonekana rahisi nikiiandika hivi. Mezani, ukiwa na bia ya tano, si rahisi hata kidogo, na kusoma hakutakufundisha. Fanya jaribio hili: nunua makopo manne ya pakiti moja, mawili yaweke kwenye friji, mawili juu ya kabati karibu na jiko. Baada ya mwezi mmoja yapoze yote pamoja na umwambie mtu akumiminie bila kukuambia lipi ni lipi. Watengenezaji wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 zinaichakaza bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ndiyo maana mtu wa Dar akinunua IPA iliyovuka bahari ndani ya kontena hajui anaonja nini hasa; wa Nairobi heri atafute ya viwanda vidogo vya pale pale, iliyotiwa koponi majuzi.

Sasa tahadhari. Usisubiri harufu ya boksi lililolowa ambayo kila mwongozo unaitaja. Kwenye IPA hopsi hufifia mapema, boksi huja mwishoni kama likija. Tarehe ya kopo isikudanganye: bia ya wiki mbili inaweza kuwa imeharibika kama hewa iliingia siku ya kufunga makopo, na ya miezi minne iliyokaa kwenye baridi muda wote inaweza kuwa nzima. Kwenye mashindano, isitoshe, hutaiona tarehe. Zile IPA zenye ukungu, yaani zinazopikwa makusudi zisiwe angavu, huzeeka vibaya zaidi, rangi ya juisi ikageuka kijivu kama maji ya kuoshea vyombo. Ukiiona rangi hiyo, rudi ukanuse tena. Na kama huna hakika, usiandike "imepigwa na hewa". Andika ulichonusa: asali, hakuna hopsi. Mpishi atajua mwenyewe alipokosea.

Mbili nyingine zinazochanganywa na hii. Samli au bisi, pamoja na utelezi ulimini, ni diasetili. Kwenye IPA mara nyingi hutokea hopsi zilizotiwa bia ikiwa tayari zinapoiamsha hamira upya, kisha mpishi akafunga makopo kabla haijamaliza kazi. Harufu ya kicheche ni mwanga: jua huvunja vitu vichungu vya hopsi, hasa ndani ya chupa ya kijani au isiyo na rangi.

4. Tazama

Alama 3 tu. Rangi, povu, ukungu au uangavu. Endelea.

5. Onja, na umeze

Alama 20 ziko hapa. Waonja divai hutema. Wewe meza, kwani uchungu wa IPA unaujua vizuri baada ya kumeza, nao ndio moyo wa bia hii. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi na tano. Uchungu mzuri ni wa ganda la balungi: unakuja, unang'ata, unaondoka, na unataka funda jingine. Uchungu mbaya ni wa mwarobaini, bado umo ulimini wakati umeshaanza kuongea mambo mengine.

Halafu kuna ukakasi, na hapa Kiswahili kinatupa nafasi ambayo wenzetu huku wanaihangaikia. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni ulimi kukunjamana na meno kukauka, kama umeuma bibo lisiloiva. Hopsi nyingi mno za mwishoni huleta ukakasi hata kwenye bia isiyo chungu sana. Huo upeleke kwenye alama 5 za mguso wa mdomoni, pamoja na gesi na uzito. Kilevi cha IPA ya Kimarekani huwa asilimia 5.5 hadi 7.5, kikikuchoma koo kama gongo, hilo nalo ni kosa.

6. Alama

Maneno kwanza, namba baadaye. Ukianza na namba utayapinda maneno yaifuate. Alama 10 za mwisho ni za bia kwa ujumla, na swali langu ni kama ningenunua ya pili kwa pesa yangu. 38 ni bia nzuri sana; 45 kwenda juu nimewahi kutoa mara chache mno. Chini ya 21, mwandikie mpishi afanye nini safari ijayo, usimwandikie tu kwamba imeharibika.

Anza na nyepesi, malizia na nzito. Baada ya ile ya sita ulimi unaanza kudanganya, na bia ya kwanza ndiyo inayodhulumiwa zaidi, kwa sababu uliionja ulimi haujazoea uchungu. Kwa hiyo bakiza kidogo, uirudie mwishoni. Mpwa wangu alirudia kopo lake la "kali". Akafuta 28 akaandika 32, na mistari mitatu chini yake, yenye balungi na ukakasi ndani. Penseli, narudia, iwe na kifutio.