SOMO: Kuingia Mji Mkongwe na yoti kutoka Dar bila kuamka umelala upande

Nimechoka kwa kweli. Kila ikikaribia Juni na kila ikikaribia Disemba simu ni zile zile, nahodha Unguja naingiaje, nanga natia wapi, kuna mawe? Naandika hapa mara moja, ukiniuliza tena nakurudisha huku. Hii ni kwa yoti yenye mkuku (ule uti wa chini unaozama majini), futi 35 hadi 45 hivi, inayozama mita moja na nusu mpaka mbili. Wa ngalawa na mashua hamnihitaji, nyie ndo mlionifundisha.

1. Chagua upepo kwanza, tarehe baadaye. Kusi (Aprili mpaka Septemba hivi) inakusukuma kwenda, halafu kurudi Dar utabisha, yaani kwenda pembe pembe dhidi ya upepo, mpaka ukome. Kaskazi (Disemba mpaka Machi) ni kinyume chake, unabisha kwenda unateleza kurudi. Sasa kitu ambacho watu wanasahau ni mkondo, mkondo wa pwani yetu unapanda kaskazini mwaka mzima, haujali upepo, kwa hiyo kaskazi ikivuma na mkondo unapanda vinagongana uso kwa uso na bahari inasimama, mawimbi mafupi mafupi yanayopiga kama mtu anatwanga. Mimi nikiwa na wageni wa kutapika tapika nawapeleka kwenye maleleji, upepo ukiwa umetulia kati ya kusi na kaskazi, Oktoba na Novemba.

2. Karatasi. Zanzibar uhamiaji wanakagua hata kama umetoka Dar, kwa hiyo pasi zote mkononi, na unaripoti bandarini Malindi. Bendera ya nje inapandisha ya njano mpaka imalizane na maofisa. Wageni kutoka nje wanatakiwa na bima ya Zanzibar, ilianza Oktoba 2024 kwa dola 44, wakate mtandaoni kabla hamjang'oa nanga, sio mnaanza kutafuta bando pale nje ya bandari.

3. Ondoka Msasani saa kumi na mbili asubuhi. Ni kama maili 40 za bahari, kwa noti 5 (maili 5 za bahari kwa saa) ni masaa nane.

4. Njiani. Boti za abiria za Azam zinapita kasi sana, ukiiona kwa mbali usijiambie bado iko mbali. Redio ya VHF chaneli 16 iwe wazi muda wote. Usiku USISAFIRI kwenye mkondo wa Unguja (ile bahari kati ya Unguja na bara), hasa siku za giza, maana giza ndo wavuvi wa dagaa wanatoka na taa zao na nyavu zao, na kati ya taa na taa kuna ngalawa ambayo haina hata kibiriti. Sio kosa lake, yupo kazini, wewe ndo unatembea.

5. Kuingia. Mji umezungukwa, kuna visiwa vya Bawe, Changuu, Chapwani, na mafungu na miamba ya Pange na Murogo. Ingia jua likiwa juu au mgongoni, kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, mtu mmoja asimame gubetini, mbele kabisa ya boti, na miwani ya jua ya polaroidi. Bluu pita, kijani punguza mwendo, kahawia ni jiwe geuka. Maboya, ukiwa unaingia bandarini jekundu liwe kushoto kwako. Chumbe ni hifadhi, ule mnara wake wa 1904 uangalie kwa mbali, nanga yako usiilete pale.

6. Nanga. Hapa tutakaa kidogo.

Mara yangu ya kwanza kama nahodha nilifika saa kumi na robo jioni, kesho yake ya mwezi mpevu, wageni wanne, boti inazama mita 1.9. Nikasogea karibu na Forodhani ili wageni waone taa za mji, kipima kina kikasema 5.2, nikaona raha mustarehe, nikatupa nanga, nikazima mashine, nikaanza kukaanga vitunguu. Saa tatu kasoro usiku nikasikia tok. Kama mtu anabisha hodi kwa chini. Nikanyamaza. Tok tena. Halafu nikaona kijiko kinaviringika mezani peke yake, pole pole, kikafika ukingoni kikadondoka, na sufuria ya wali nayo ikaanza kukifuata. Saa nne na nusu tulikuwa tumelala upande kabisa, mgeni mmoja amekaa kwenye ukuta wa kabati kama kwenye kochi. Na mbalamwezi ilikuwa kama mchana, Forodhani nzima inatuona na mishikaki yao mkononi. Wakapita vijana na ngalawa, mmoja akauliza kwa adabu zote, "Nahodha, ndo umepaki?"

Tulielea tena saa sita na robo. Mkuku ulikuwa umekaa mchangani, lingekuwa jiwe msingekuwa mnasoma hii.

Kosa langu ni moja tu, nilisoma kipima kina bila kuuliza mwezi. Bamvua (zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana) Unguja maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu na nusu, bamvua kubwa ni mita 4 hivi, na zile za Machi na Septemba ndo baba yao. Tena siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi na kupwa kwenye saa nne, mchana na usiku. Umeona mtego ulipo? Umetoka Dar alfajiri, ukichelewa kidogo unafika saa tisa saa kumi, yaani unafika maji yakiwa kwenye kilele, kila mahali panaonekana pazuri. Hesabu ya 5.2 toa 4 inabaki 1.2. Mkuku 1.9. Mtoto wa darasa la nne angeniambia.

Kwa hiyo: kina cha sasa, toa maji yatakayotoka, toa mkuku, na ibaki mita nzima. Haibaki, sogea nje. Angalia pia kipima kina chako kinahesabu kutoka wapi, kuna vinavyohesabu kutoka usawa wa maji na kuna vinavyohesabu kutoka chini ya mkuku, boti ya kukodi usiamini ulichoambiwa, shusha kamba yenye jiwe upime mwenyewe.

Na kinyume chake pia kipo. Ukifika saa nne asubuhi maji makavu, kina mita 4, ukamwaga mnyororo mita 20 ukaona mara tano inatosha, saa kumi kina ni mita 8 na mnyororo wako umekuwa mara mbili na nusu. Nanga inakokota na wewe uko sokoni Darajani unachagua mdalasini. MNYORORO UNAHESABIWA KWA MAJI YALIYOJAA, NAFASI CHINI YA MKUKU KWA MAJI YALIYOKUPWA. Bandika karibu na usukani.

Na usitie nanga kwenye njia ya boti za abiria. Ukiona eneo lote tupu na kila mtu kajibana pembeni, jua kuna sababu.

7. Dingi (kile kiboti cha kushukia) ivute juu ufukweni, ifunge, mwachie mtu.

Maswali chini.

Kepteni Dogo: Bro somo zuri, sa maji yanajaa saa ngapi pale Unguja?

Mwandishi: Hatua ya 6.

Kepteni Dogo: Nimesoma kaka lakini mi naenda tarehe 20

Mwandishi: Tarehe 20 ya mwezi gani, na siku hiyo mwezi wa angani uko wapi? Bamvua ni mwezi mchanga na mwezi mpevu. Mwezi nusu ni maji mafu, yanapanda na kushuka kidogo tu, na saa zinageuka, yanajaa kwenye saa nne, yanakupwa kwenye saa kumi. Chukua jedwali la maji la bandari, usichukue la kwangu la kichwani.

Mzungu Mweusi: Mnatisha watu bure. Nina plota mpya (ile skrini ya ramani ya bahari) na ramani kwenye simu, miamba yote inaonekana. Hizi hadithi za kuangalia rangi ya maji ni za wazee.

Mwandishi: Plota ninayo na mimi, usiku ule ilikuwa inawaka vizuri tu na ikanionyesha nimekwama mahali gani hasa. Fungu la mchanga linahama, ramani haihami.

Mzungu Mweusi: Sawa ila kusi sio ya kuogopa kihivyo, boti kubwa zinapita kila siku

Mwandishi: MV Skagit, boti ya abiria, nayo ilikuwa inapita kila siku. Ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, kusi ile ile. Mimi sijasema mtu aogope, nimesema achague siku. Tuendelee.

Binti Pwani: Shikamoo nahodha. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi Jambiani na hakuwa na jedwali lolote, alikuwa anajua maji kwa tarehe za kiislamu. Mi sikuwahi kumuuliza anahesabuje. Unajua?

Mwandishi: Marahaba mwanangu, Mungu amrehemu babu. Sasa hili ndo swali. Mwezi mwandamo unaanza mwezi ukiwa mchanga, kwa hiyo tarehe 1 na 2 ni bamvua, tarehe 15 na 16 mwezi mpevu bamvua tena. Anza na saa kumi kwa tarehe mosi, halafu kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Tarehe 4 ni saa kumi na mbili na nusu. Tarehe 8 umefika kwenye saa nne na hayo ndo maji mafu. Ukipita hapo yanaanza kukua tena. Ndo maana Idi ya mfungo mosi maji ni makubwa kila mwaka, hata iangukie mwezi gani wa kizungu, na Idi ya kuchinja, ambayo ni tarehe 10, maji ndo yanatoka kwenye ufu. Ramadhani kila mtu anajua leo ni la ngapi, kwa hiyo mji mzima unatembea na jedwali kichwani bila kujua. Sio ya dakika kwa dakika ila mkuku unaokoka.

Binti Pwani: Ahsante sana! Na je yanatoka sawasawa kila saa?

Mwandishi: Hapana, na hapa ndipo nililiwa. Gawa maji yote mafungu 12. Saa ya kwanza linatoka fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa mita 4, saa ya tatu na ya nne kila moja inaondoka na mita nzima. Saa ya kwanza unaona hata robo tatu ya mkono haijashuka, unajisemea hapa pametulia, unakaanga vitunguu.

Mzee wa Mkokotoni: Nahodha umesahau kaskazini. Wakitoka hapo watataka Nungwi na Mnemba.

Mwandishi: Kweli sheikh, somo lilikuwa la mjini. Ongeza wewe, huko ni kwako.

Mzee wa Mkokotoni: Tumbatu wapite kwa mchana tu. Kule nje ya Nungwi kuna Leven, kilima cha chini ya bahari, maji ya kina yanapanda ghafla pale, siku ya upepo mkubwa bahari inachemka bila moto. Na upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Bwejuu, yale mistari chini ya maji ni mwani wa kina mama, vigingi na kamba. Dingi isipite juu yake maji yakikupwa, propela inakata jasho la mtu.

Mwandishi: Hilo la mwani nalitia wino. Ukikata, shuka uombe radhi na ulipe.

Kepteni Dogo: Bro nitumie basi ramani yako inbox

Mwandishi: Hapana.

Ticha wa Moro: Mimi sina boti, nasoma tu. Dizeli mnapata wapi kule?

Mwandishi: Karibu ticha. Inaletwa kwa madumu mpaka ufukweni, bei mnakubaliana kabla haijapakiwa. Ila usimimine moja kwa moja. Jaza kwenye chupa tupu na kavu iliyokuwa ya maji kwanza, isimame dakika kumi, angalia chini, ukiona kimstari cheupe hayo ni maji. Mimi nachuja kwa kitambaa cha suruali ya kadeti iliyochakaa, kitambaa cha tisheti kinapitisha uchafu.

Ticha wa Moro: Na urojo?

Mwandishi: Urojo hauchujwi.

Binti Pwani: 😂 Nahodha, wale wageni wa siku ile walilipa?

Mwandishi: Walilipa. Wali ndo hawakula.