Kioo cha laptopu kikiwa cheusi, mulika tochi kwanza

Kabla hujakubali kununua kioo kipya, washa laptopu, zima taa ya chumba, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu, ukiilaza upande, karibu kabisa. Ukiona maandishi hafifu kama kivuli, kioo chenyewe ni kizima. Kilichozimika ni taa ya nyuma, ile inayoangaza picha kutoka ndani ya kioo.

Bonyeza vitufe vya kuongeza mwanga, huenda ulishushwa tu. Halafu fungua na ufunge kifuniko polepole. Mwanga ukiwaka na kuzima kadiri kinavyosogea, mshuku waya unaopita kwenye bawaba.

Hapa Mombasa mimi huanza na soketi ya waya huo, kwa sababu hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Wiki jana nilifungua laptopu ya jirani yangu hapa Likoni, nikakuta pini mbili zimeota kutu ya kijani. Nilizisugua taratibu kwa mswaki laini uliochovywa spiriti, nikaziacha zikauke vizuri, na taa ikawaka.

Ila nakusihi: chomoa chaja, kisha chomoa na betri ndani, ndipo uguse waya huo. Ukiuchomeka waya huo huku umeme ukiwa bado upo, fyuzi ndogo ya taa kwenye bodi kuu ya laptopu huweza kuungua, na kuibadilisha kunataka fundi mwenye mkono mtulivu na hadubini.

Tochi isipoonyesha chochote, unganisha na televisheni kwa waya wa HDMI. Nayo ikibaki nyeusi, acha kioo, kaangalie bodi au ramu (kumbukumbu ya muda ya laptopu).