Folda Isiyofutika na Intaneti Inayokwama: Mtafute Kwanza Anayeshikilia

Jirani yangu ni mpiga picha za harusi. Jioni moja alinijia na kompyuta yake mkononi pamoja na malalamiko mawili ambayo kwake hayakuwa na uhusiano wowote: folda ya picha za harusi ya mwaka uliopita ilikataa kufutwa, na intaneti ya nyumbani ilikuwa imezorota kiasi kwamba binti yake alishindwa kufuata masomo yake kwa njia ya video. Alikuwa ameshazima na kuwasha ruta mara kadhaa, na alikusudia kuipeleka kompyuta kwa fundi iwekewe Windows upya. Kumbe mhusika alikuwa mmoja. Programu ya kuhifadhi nakala mtandaoni ilikuwa inazipakia picha hizo, zenye ukubwa wa gigabaiti 40 hivi, na kwa kuwa ilikuwa inazisoma, Windows haikuruhusu ziondolewe. Na kwa kuwa ilikuwa inazituma, haikubakiza nafasi kwa mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba ile. Kwa laini inayopakia megabiti 5 kwa sekunde, mzigo kama huo huchukua takriban saa 18 hata kama hakuna kingine kinachopita.

Kwa hiyo, kabla ya kutumia nguvu, jiulize ni programu gani inayoshikilia. Swali hilo linafaa kwa folda na kwa intaneti vilevile, na katika Windows 10 na 11 chombo cha kulijibu ni kimoja.

Anza kwa kusoma ujumbe unaotokea unapojaribu kufuta, kwa sababu watu wengi huufunga bila kuusoma, ilhali ndio unaoonyesha njia. Ujumbe unaosema kwamba folda imefunguliwa katika programu nyingine una tiba yake. Unaosema kwamba unahitaji ruhusa una tiba tofauti kabisa. Na unaosema kwamba kitu hicho hakipatikani, ingawa unakiona kwa macho yako, mara nyingi unatokana na jina lenyewe.

Tuanze na folda inayotumika, maana ndiyo inayosumbua zaidi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika resmon, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha la Resource Monitor. Nenda kwenye kichupo cha CPU, na katikati yake utaona sehemu iitwayo Associated Handles yenye kisanduku cha kutafutia. Andika humo jina la folda inayokataa, au sehemu tu ya jina hilo, usubiri sekunde chache. Orodha itakayotokea inaonyesha kila programu iliyoshika faili ndani ya folda hiyo, pamoja na njia kamili ya faili yenyewe, kwa hiyo hubaki ukibahatisha. Ukikuta ni Word au programu ya kuhariri picha, rudi kwenye programu hiyo, hifadhi kazi yako na uifunge kwa njia ya kawaida. Kuikatisha kwa nguvu kutoka kwenye orodha kuwe hatua ya mwisho, kwa sababu kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea papo hapo. Na kama jina lililotokea hulifahamu, usilikatishe mpaka ujue ni la nini.

Wakati mwingine anayeshikilia ni Windows yenyewe, hasa pale kidirisha cha kuonyesha faili kinapokuwa kinatengeneza picha ndogo za video zilizomo ndani ya folda. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta Windows Explorer katika orodha, bonyeza kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Restart. Upau wa chini utatoweka kwa muda mfupi na kurudi, na folda mara nyingi itakubali kufutika. Ikiwa bado inagoma, iwashe upya kompyuta yote kwa kuchagua Restart badala ya Shut down. Tofauti hiyo si ndogo: kompyuta nyingi zimewekewa uwashaji wa haraka, ambao huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo wakati wa kuzima na kuirudisha wakati wa kuwasha, ilhali Restart huanza kila kitu upya.

Folda zinazodai ruhusa mara nyingi zimetoka kwenye diski iliyotolewa katika kompyuta ya zamani, kwa kuwa mmiliki aliyeandikwa humo ni mtumiaji wa mashine ile nyingine. Fungua Command Prompt, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, kisha utekeleze amri hizi mbili kwa mfuatano, ukiweka njia ya folda yako badala ya hii ya mfano:

takeown /f "D:\Picha" /r /d y

icacls "D:\Picha" /grant "%username%":F /t

Amri ya kwanza inakufanya kuwa mmiliki wa folda na vyote vilivyomo, na ya pili inakupa haki zote juu yake. Nasisitiza kwamba amri hizi ni kwa ajili ya folda zako mwenyewe tu. Ukizitumia kwenye folda ya Windows au ya Program Files ili tu kupata nafasi kwenye diski, unaweza kuuharibu mfumo mzima, na hapo utamhitaji fundi kwa kweli.

Majina nayo yana vikwazo vyake. Programu nyingi za Windows bado zinafuata ukomo wa herufi 260 kwa njia nzima ya faili, kwa hiyo folda iliyozama ndani ya folda nyingine nyingi zenye majina marefu inaweza kukataa kufutwa mpaka uzifupishe majina zile za juu. Jina linaloishia na nukta au nafasi tupu, ambalo huweza kuingia kupitia flashi iliyotumika kwenye mfumo mwingine, hufutwa kwa kuandika rd /s "\\?\D:\Kazi\Hati." katika Command Prompt; alama zile za mwanzo zinaiambia Windows ilichukue jina kama lilivyo. Na ukiambiwa kwamba folda imeharibika na haisomeki, kwanza nakili kila kinachoweza kunakilika, kisha utumie amri ya kukagua na kurekebisha diski, chkdsk D: /f, ukiweka herufi ya diski husika.

Sasa tuje kwenye intaneti. Rudi kwenye lile dirisha la resmon, safari hii kwenye kichupo cha Network, na uangalie safu wima ya Send kabla ya ile ya Receive. Nasema hivyo kwa sababu watu huhangaikia upakuaji peke yake, wakati mara nyingi kinachoikaba nyumba ni upakiaji. Laini nyingi za nyumbani zina kasi ndogo ya kutuma kuliko ya kupokea. Na kila unapopakua, kompyuta yako lazima itume taarifa fupi za kuthibitisha kwamba vipande vimefika. Njia ya kutuma ikijaa picha, taarifa hizo zinakaa kwenye foleni ndani ya ruta, na upakuaji nao unapungua ingawa haukuwa na kosa.

Kabla ya kumlaumu anayekuuzia huduma, pima sehemu mbili tofauti. Katika Command Prompt andika ping -t ikifuatiwa na anwani ya ruta yako, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Majibu yakichelewa au yakikatika hapo, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta: sogea karibu, tumia waya, au hamia kwenye masafa ya gigahezi 5 kutoka yale ya 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi lakini hushirikiwa na majirani wengi. Kisha pima vivyo hivyo 8.8.8.8, anwani ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Ruta ikijibu upesi ilhali 8.8.8.8 inachelewa, zima vifaa vingine vyote na upime tena. Ucheleweshaji ukibaki, hapo una hoja ya kumpigia mtoa huduma.

Anayeshikilia akishajulikana, mwekee mpaka badala ya kumfukuza. OneDrive, programu ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, kwa mfano, ina sehemu katika mipangilio yake ya kupunguza kasi ya kupakia, inayopimwa kwa kilobaiti kwa sekunde. Kumbuka kwamba biti nane ni baiti moja, hivyo megabiti 5 ni kilobaiti 625, kwa hiyo mpaka wa 300 unaiachia familia zaidi ya nusu ya njia. Kwa anayetumia bando, weka alama ya Metered connection kwenye mipangilio ya Wi-Fi, na Windows itaahirisha sehemu kubwa ya masasisho. Video ndizo zinazokula kuliko vyote: Netflix hutumia mpaka gigabaiti 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida na mpaka gigabaiti 3 kwa ubora wa juu, kwa hiyo saa mbili kila jioni kwa siku 30 ni tofauti kati ya gigabaiti 60 na 180. Simu zinazohifadhi nakala za picha zipangiwe usiku, na nenosiri la Wi-Fi libadilishwe ikiwa orodha ya vifaa ndani ya ruta inaonyesha majina usiyoyatambua.

Kwa jirani yangu tulisimamisha programu ile kwanza, na binti akaendelea na kipindi chake dakika hiyohiyo. Folda hatukuifuta mara moja, kwa sababu kilichofutwa kwenye kompyuta hufutwa pia kwenye hifadhi ya mtandaoni iliyounganishwa nayo, na yeye alidhani kule kungebaki nakala ya wateja wake. Tulizinakili picha zote kwenye diski ya nje, tukafungua chache kutoka mwanzo, katikati na mwisho kuhakikisha zinaonekana, ndipo akabonyeza Delete.