Somo: Gari linakula oili? Pima kwanza, injini utafungua baadaye

Wiki hii nimeulizwa mara sita: "Fundi, gari linamaliza oili, tufungue injini?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Niko Nakuru, na mikono yangu imezoea Toyota za petroli. Wenye turbo, somo lenu ni jingine.

1. Pima. Mahali tambarare, injini ikiwa moto, zima, ngoja dakika 5, pangusa dipstiki, tumbukiza, soma. Jaza hadi alama ya F (imejaa), andika kilomita. Baada ya 1,000, jaza tena kwa chupa ya lita 1 uone imeingia kiasi gani. Vitabu vya baadhi ya Toyota huvumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Mimi nusu lita tu hunikosesha usingizi.

2. Tandaza kadibodi chini ya gari usiku kucha. Ikilowa, tafuta panapovuja: gaskiti ya kava ya vali, sili ya krenki, filta, bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini).

3. Chomoa vali ya PCV (ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini ukachomwe), itikise. Ikinyamaza, imeziba, nunua nyingine. Ni spea ya bei ndogo, na mafundi wengi hawaikumbuki hata kidogo.

4. Tazama moshi. Wa kibuluu ndio oili. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakatika, au ukishuka mlima umeachilia mafuta halafu ukikanyaga linapiga wingu, shuku sili za vali. Ukitoka muda wote unapopanda na mzigo, shuku ringi za pistoni. Jaribio hili usilifanyie Sachangwan, ule mteremko wa ajali, malori ya pale mnayajua. Mteremko wa Milimani hapa mjini unatosha.

5. Pima kompresheni, lakini usidanganyike. Ringi mbili za juu hushika presha. Ya tatu hupangusa oili. Hiyo ya tatu inaweza kugandamana na masizi huku geji ikisoma vizuri kabisa. Injini ya 1ZZ-FE, ile ya Wish na Allion 1.8 za toleo la kwanza, inajulikana kwa ugonjwa huu.

6. Loweka pistoni. Toa plagi zote, zungusha krenki mpaka pistoni zote ziwe katikati, mimina dawa ya kuyeyusha masizi katika kila silinda, acha usiku kucha. Hapa ndipo nilipolipia ujinga wangu. Lilikuwa gari langu mwenyewe, kwa bahati. Asubuhi nilikuwa na haraka, nikarudisha plagi na kupiga stata. Nikasikia "ko!" moja, kisha kimya. Dawa haikuwa imeshuka yote, na kimiminika hakishindiliki kama hewa. Konrodi (mkono unaoshika pistoni) ya silinda ya tatu ilipinda. Kwa hiyo: plagi zikiwa BADO NJE, chomoa nyaya za koili na injekta, funika matundu kwa kitambaa, piga stata mpaka pasitoke hata tone. Usiinamie injini, ile dawa huruka hadi machoni. Sigara na jiko viwe mbali. Kisha badilisha oili na filta kabla ya kuwasha, maana dawa nyingine imeshuka kwenye sampu. Siku hiyo litafuka moshi kama tanuri la matofali, usiogope.

7. Rudia namba 1. Kama hakuna nafuu, sasa fungua. Ringi zikibadilishwa, simamia mwenyewe vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni visafishwe. Visiposafishwa, utarudi palepale.

MASWALI

Probox_Kondele: Niliweka 20W-50 moshi ukapungua. Nimepona?
Fundi: Umeuficha ugonjwa. Na asubuhi oili nzito huchelewa kufika juu. Fuata kitabu cha gari.

Ngoja_Ngoja: Gari yangu inakula oili, shida ni nini?
Fundi: Namba 1.
Ngoja_Ngoja: Taa ya oili haijawahi kuwaka, kwa hivyo kiwango kiko sawa.
Fundi: Taa huangalia presha, si kiwango. Ikiwaka umeshachelewa. Namba 1.
Ngoja_Ngoja: Si lazima ukali.
Fundi: Si ukali, ndugu. Nipe kilomita na kiasi cha oili, tutaongea hadi usiku.

Mama_Naka: Plagi tatu ni kavu, rangi ya kahawia. Ya nne nyeusi, imelowa. Hiyo inaniambia nini?
Fundi: Dada, umefanya kazi ambayo wengi hulipia. Angalia imelowa wapi. Kama ni juu ya nyuzi tu, oili inatoka kwenye gaskiti ya kava, ni kazi ndogo. Kama ni kwenye ncha, silinda hiyo inachoma oili. Pima kompresheni yake, kisha tia kijiko cha oili upime tena. Ikipanda sana, ni ringi.
Mama_Naka: Ni juu ya nyuzi! Asante sana.

Shamba_Molo: Oili chafu je? Mzee wangu hupaka nguzo za ua, mchwa hawazigusi.
Fundi: Wazee wengi hufanya hivyo. Mimi huirudisha kwenye mtungi, kuna wanaoinunua. Msimwage mtaroni tu, maji ya mitaro ya hapa huishia ziwani.

Ngoja_Ngoja: Nimepima. Kilomita 400, nusu lita na kidogo. Kadibodi kavu.
Fundi: Sasa tunaongea. PCV umeitikisa?