Chaneli za potasiamu na kumbukumbu: anza na ngisi, kisha kikokotoo

Mwongozo huu ni wa walimu wenzangu wa baiolojia wa kidato cha tano na sita huku Mtwara, na wa mwanafunzi yeyote aliyekariri kwamba sodiamu huingia kwenye seli ya neva na potasiamu hutoka, kupitia chaneli (milango midogo ya utando wa seli), lakini haoni hilo linahusiana vipi na kukumbuka alichosoma jana. Nimeuandika baada ya kuimaliza mada hii na kikundi cha kidato cha sita.

Hatua ya 1: Tafuta ngisi

Nenda mapema kwa wavuvi, Mikindani au mjini. Chukua ngisi mbichi na mkubwa. Aliyelala kwenye barafu simpendi, neva zake hulegea na kukatika. Mpasue upande wa tumbo kwa mkasi, mfunue, ondoa matumbo taratibu. Ndani ya nyama, karibu na ukingo wa mbele, kushoto na kulia, kuna kifundo kidogo cheupe kinachotawanya nyuzi. Uzi mnene unaoelekea nyuma ndio uliobeba aksoni kubwa, yaani mkia mrefu wa seli ya neva unaopitisha ishara. Kwa aksoni ya ngisi, Hodgkin na Huxley walipima umeme wa neva, wakachapisha hesabu zao mwaka 1952 na kupata Nobeli mwaka 1963.

Video ziweke mwisho. Katuni ya ioni zinazorukaruka humfanya mwanafunzi adhani ameelewa.

Hatua ya 2: Piga hesabu kwa mkono

Hapa ndipo muda wote unapoishia, kwa hiyo usiharakishe.

Ndani ya aksoni ya ngisi kuna potasiamu kama milimoli 400 kwa lita, nje kama 20. Tunatafuta volti ya utando ambapo potasiamu haielemei kutoka wala kuingia. Kwenye nyuzijoto 20, chukua 58 uzidishe kwa log ya (nje ÷ ndani). 20 ÷ 400 ni 0.05, log yake ni −1.301, jibu ni karibu −75 milivolti.

Mwanafunzi akileta +75, amegeuza sehemu, ameweka ndani juu. Akileta −174, amebonyeza ln badala ya log. Akihamia kwa binadamu, ndani 140 na nje 5, lazima abadilishe na joto: kwenye nyuzijoto 37 kizidishio ni 61.5, na jibu ni karibu −89.

Kisha litakuja swali lenyewe: “Mwalimu, ndani kumejaa potasiamu, nayo ina chaji chanya. Kwa nini ndani kuwe hasi?” Usilijibu kwa haraka. Chora utando ubaoni. Kabla ya chaneli kufunguka, kila potasiamu ya ndani ina mwenzake mwenye chaji hasi. Chaneli ikifunguka, potasiamu inatoka kwa sababu nje ni chache, ila wenzake hasi, yakiwemo maprotini makubwa, hawawezi kupita. Chaji hasi hubaki ndani na kuanza kuivuta potasiamu irudi. Nguvu mbili zikilingana, umefika kwenye −75 yako. Sisitiza kwamba ioni zinazotoka ni chache mno: 400 inabaki karibu 400. Wengi hudhani seli imemwagika. Wakiuliza kwa nini neva iliyotulia husoma kama −70 badala ya −89, ni kwa sababu sodiamu kidogo huvuja kuingia.

Hatua ya 3: Breki

Chaneli za potasiamu zikifunguka, seli inasogea kuelekea −89, mbali na kupiga, yaani kutuma ishara ya umeme (mpigo). Ndiyo breki ya neva. Mpigo ukipanda, breki hiyo huushusha.

Hatua ya 4: Ifikishe kwenye kumbukumbu

Kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, matawi ya seli yana chaneli za potasiamu za aina A, nazo huongezeka kadiri tawi linavyokwenda mbali na mwili wa seli. Huufifisha mpigo unaorudi matawini. Zikipungua nguvu kwa muda, mpigo hufika mbali, magnesiamu inayoziba kipokezi cha NMDA (mlango wa kalsiamu) inang'oka, kalsiamu inaingia, na sinapsi, yaani kiungo kati ya seli mbili za neva, inaimarika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni konokono wa baharini, Aplysia, wa Eric Kandel, Nobeli ya 2000. Mshtue mkiani: serotonini, kemikali ya neva, hutoka, na kupitia cAMP (mjumbe wa ndani ya seli) chaneli fulani za potasiamu hufungwa. Mpigo unarefuka, kalsiamu zaidi inaingia, kemikali zaidi inamwagwa kwenye sinapsi. Baadaye ukimgusa kidogo tu anajikunja kwa nguvu. Amekumbuka.

Hapo darasa litakimbilia kusema kwamba kufunga chaneli ni kuwa na akili. Wazuie. Breki ikilegea mno ni kifafa: hitilafu za jeni KCNQ2, inayotengeneza chaneli ya potasiamu, husababisha degedege kwa watoto wachanga.

Na watauliza kama madafu na ndizi huongeza kumbukumbu. Hapana. Figo huishikilia potasiamu ya damu kati ya kama milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, na ikizidi sana, wa kwanza kudhurika ni moyo. Warudishe kwenye kikokotoo: nje iwe 10 badala ya 5, wakokotoe tena. Jibu linapanda hadi karibu −70, na wataona wenyewe kwa nini daktari huiogopa potasiamu iliyozidi.